Kabla ya Kununua Televisheni, Tukae Chini Tuhesabu Gharama



Kila mwaka mavuno yanapomalizika, maduka ya vifaa vya umeme mjini Sumbawanga hupata wateja wengi kutoka Laela, Matai, Namanyere, Mtowisa na vijiji vya jirani. Mahindi, maharage na ulezi vimeuzwa, fedha iko mkononi, na kwa familia nyingi televisheni ndicho kitu kikubwa kinachofuata baada ya bati na simu. Ofisi yetu ya miradi imekuwa ikiulizwa ushauri kuhusu jambo hili na makundi matatu. Kwanza ni vikundi vya VICOBA katika sharika, ambavyo hupokea maombi ya mikopo ya kununua televisheni. Pili ni kamati za sharika zinazotaka kuweka televisheni katika hosteli au nyumba ya wageni. Tatu ni wafadhili wetu, wanaouliza kama wanaweza kutuletea televisheni walizonazo. Katika toleo hili tumeona vema kuwajibu wote kwa pamoja.

Hatuandiki ili kumzuia mtu. Televisheni huleta habari, mafundisho ya afya na kilimo, ibada kwa wagonjwa wasioweza kufika kanisani, na furaha ya kukaa pamoja jioni. Kijana anayetazama mpira nyumbani kwao hapotezi fedha kwenye kibanda umiza, wala mzazi hana haja ya kuuliza yuko wapi saa nne usiku. Lakini wanunuzi wengi huanza na swali lisilofaa kuwa la kwanza, yaani "inchi ngapi?" Sisi tunashauri swali hilo liwe la mwisho. Anza na umeme, kisha mawimbi, kisha malipo ya kila mwezi, kisha usalama dhidi ya radi. Ukimaliza hayo, kioo chenyewe huchagulika kwa urahisi.

TULIKOTOKA, KWA UFUPI

Katika nchi yetu televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni kwa miaka mingi, kwa kuwa Serikali iliona ni anasa kwa nchi maskini ambayo redio iliweza kuifikia hadi vijijini. Vituo vya kwanza vya Bara, kikiwemo ITV, vilianza mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000, na leo tunaijua kama TBC.

Mabadiliko yanayomgusa mnunuzi wa leo yalianza tarehe 31 Desemba 2012, pale mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine ikafuata kwa awamu. Tangu hapo matangazo hurushwa kwa mfumo wa dijitali. Televisheni za zamani zenye chogo hazikufa siku hiyo, ila haziwezi kupokea matangazo peke yake. Zinahitaji king'amuzi. Kwa hiyo, mtu akikuuzia televisheni ya mtumba na kukuambia "weka antena tu", muulize kwanza kama ndani yake kuna kipokezi cha DVB-T2, ambao ndio mfumo wa dijitali wa mitambo ya ardhini unaotumika nchini. Kama hakuna, gharama ya king'amuzi iongeze kwenye bei anayokutajia.

SWALI LA KWANZA: UMEME NI UPI?

Kwa miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya Taifa, na umeme wa Sumbawanga ulitoka Zambia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli. Wenyeji wanajua maana yake: umeme uliopanda na kushuka, na kukatika bila taarifa. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007, imeufikisha umeme katika vijiji vingi. Lakini nguzo kupita kijijini si sawa na umeme kuingia nyumbani. Ada ya kuunganishwa kijijini chini ya miradi hiyo imekuwa shilingi 27,000, na zaidi ya hapo kuna gharama ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba, au kutumia kifaa cha UMETA kwa nyumba ndogo isiyo na nyaya.

Familia yenye LUKU isiogope sana ulaji wa umeme wa televisheni. Tuhesabu. Televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia kama wati 50. Ikiwashwa saa 5 kila siku kwa siku 30, ni uniti 7.5. King'amuzi cha wati 15 huongeza uniti 2.25. Kwa mteja mdogo wa majumbani, bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016 ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani kama shilingi 122 ukijumlisha vyote. Jumla haifiki shilingi 1,200 kwa mwezi. Angalizo ni moja: bei hiyo ni ya uniti 75 za kwanza katika mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Nyumba inayotumia pasi, jiko la umeme na friji, ikiongeza na televisheni kubwa, inaweza kuvuka mpaka huo bila kujua.

Hatari kubwa ya umeme wa gridi ni kuyumba kwake. Geuza televisheni nyuma usome kibandiko. Ikiandikwa "100–240V", maana yake inavumilia umeme unaoshuka. Ikiandikwa kiwango kimoja tu, nunua na stabilaiza. Na umeme ukikatika, chomoa waya ukutani. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuwasha, kwa sababu mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Kwa familia inayotumia sola hesabu hubadilika kabisa. Kwao kila wati ni fedha. Tuchukue televisheni ndogo ya inchi 24 inayotumia umeme wa volti 12 moja kwa moja, wati 20, pamoja na king'amuzi cha wati 15. Kwa saa 4 ni wati-saa 140. Taa tatu za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75, na simu kama 15. Jumla ni wati-saa 230 kwa siku. Betri ya kawaida ya risasi na asidi isishushwe zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Betri ya volti 12 na Ah 50 ina wati-saa 600, na nusu yake ni 300. Inatosha usiku mmoja na akiba kidogo. Paneli ya wati 100 itaijaza tena, hata katika siku za masika zenye mawingu kiasi.

Sasa weka televisheni ya kawaida ya inchi 43 yenye wati 80, inayohitaji inveta ya kugeuza umeme wa betri. Inveta nayo hula sehemu ya umeme huo. Mahitaji ya nyumba hiyo hiyo hupanda hadi zaidi ya wati-saa 500 kwa siku. Utahitaji paneli ya kama wati 200 na betri ya Ah 100 au zaidi. Ndiyo kusema, inchi 19 za nyongeza huongeza maradufu gharama ya sola. Mara nyingi betri huuawa na televisheni kubwa kupita uwezo wake, na betri ikifa, watoto hukosa hata taa ya kusomea.

Wengine hununua sola na televisheni kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Utaratibu huu umesaidia wengi, ila soma mkataba. Jumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho, kisha linganisha na bei taslimu. Uliza pia: nikichelewa kulipa, je, mtambo utazimwa wote pamoja na taa, au televisheni tu? Je, fundi yuko Sumbawanga au Mbeya?

SWALI LA PILI: MAWIMBI YANAFIKA?

Mawimbi ya mitambo ya ardhini husafiri karibu na mstari ulionyooka. Mlima ukikaa kati ya mtambo na nyumba yako, picha haifiki vizuri. Katika Ufipa jambo hili ni la kila siku. Anayeishi mjini anaweza kupata picha safi kwa antena ndogo. Anayeishi nyuma ya kilima cha Mbizi, au chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa katika bonde la Rukwa, anaweza asipate kitu hata akisimamisha nguzo ndefu kiasi gani.

Dishi hufanya kazi kwa njia nyingine. Satelaiti zake zimekaa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Ile inayotumiwa na Azam TV, kwa mfano, iko nyuzi 7 mashariki. Kwa mtu aliye Sumbawanga iko upande wa magharibi, kuelekea Ziwa Tanganyika, na iko juu sana angani, kama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, hata kama dishi lenyewe kwa macho huonekana limesimama. Kwa hiyo milima mara nyingi haizuii. Kinachozuia ni mti ulio karibu na nyumba na mvua kubwa, ambayo hufifisha mawimbi kwa muda. Picha ikipotea wakati wa mvua na kurudi ikikatika, usimwite fundi. Hakuna kilichoharibika.

Ushauri wetu ni rahisi: kabla ya kununua, mtembelee jirani mwenye televisheni. Tazama anatumia antena au dishi, anapata vituo gani, na picha ikoje saa za jioni. Jirani wa nyumba ya tatu atakueleza ukweli kuliko muuzaji ambaye hajawahi kufika kijijini kwako.

SWALI LA TATU: UTALIPA NINI KILA MWEZI?

Hapa ndipo familia nyingi hushangaa. Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kuelezea tu. Kila mmoja aweke bei za duka lake. Tuseme televisheni ni shilingi 350,000, king'amuzi na dishi 100,000, stabilaiza na waya 50,000. Familia inachagua kifurushi cha shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. LUKU, kama tulivyoona, haizidi 14,400 kwa mwaka. Gharama ya mwaka wa kwanza ni shilingi 754,400, zaidi ya mara mbili ya bei ya dukani. Kwa miaka 5 ni shilingi 1,772,000. Katika fedha hiyo kioo ni kama moja ya tano tu. Sehemu kubwa kabisa, shilingi 1,200,000, ni kifurushi.

Kwa hiyo anayebishana na muuzaji nusu siku ili apunguziwe shilingi 10,000, kisha akachagua kifurushi bila kufikiri, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Muulize wakala: malipo yakiisha, ni vituo vipi vitabaki? Jibu hutofautiana kwa kila king'amuzi. Familia inaweza kuamua kulipia miezi ambayo watu wana nafasi, na kuacha miezi ya kulima na kupalilia. Hiyo si aibu, ni mpango.

Televisheni za kisasa zinazounganishwa na intaneti nazo zina gharama yake. Kutazama filamu yenye picha safi kwa intaneti hutumia takribani GB 3 kwa saa moja. Mtu anayenunua bando dogo kwenye simu atalimaliza kabla filamu haijafika katikati. Kama nyumbani hamna intaneti ya uhakika, usilipe zaidi kwa ajili ya sifa hiyo.

SWALI LA NNE: RADI

Jina la Sumbawanga wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi", na watu wa mikoa mingine hupenda kututania kwamba huku kwetu radi hutumwa. Utani ni utani, lakini wapo wanaouamini, na hapo ndipo madhara huanza.

Uwanda wa Ufipa uko juu, mji wa Sumbawanga ukiwa kwenye mwinuko wa kama mita 1,800. Upande mmoja kuna bonde la Rukwa na upande mwingine Ziwa Tanganyika. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kutoka mabondeni, hupoa, na kujenga mawingu mazito ya ngurumo, hasa kati ya Novemba na Aprili. Ndani ya mawingu hayo umeme hujikusanya hadi ukatafuta njia ya kushuka ardhini. Hupenda kilicho juu na kinachopitisha umeme: mti mrefu, kilele cha mlima, nguzo ya chuma. Mtu anayesimamisha nguzo ya antena ya mita sita juu ya paa, bila waya wa kuipeleka radi ardhini, ameinua mkono wa nyumba yake juu ya nyumba zote za mtaa. Radi ikimpiga yeye peke yake, sababu iko juu ya paa.

Tunasisitiza jambo hili kwa uchungu. Televisheni mpya ikiungua katika nyumba moja tu, ni rahisi mtu kusema kwamba jirani aliona kijicho. Kisha jina la mama mzee fulani hutajwa, na katika mkoa wetu tunajua maneno ya namna hiyo huweza kumfikisha wapi mtu asiye na hatia. Wazee wa kanisa na viongozi wa mitaa, tafadhali fundisheni hili waziwazi. Hakuna televisheni yenye thamani ya uhai au heshima ya jirani.

Yafuatayo ni ya kuzingatia:

1. Mawingu yakianza kunguruma kwa mbali, chomoa waya wa umeme ukutani na waya wa antena au dishi nyuma ya televisheni. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, wala kuzima swichi, kwa sababu radi huruka nafasi ndogo kama hiyo.

2. Fanya hivyo kabla radi haijafika. Ikishakuwa juu ya nyumba, usishike waya wowote.

3. Radi ikipiga nyaya za umeme mbali na kwako, bado inaweza kuingia kupitia nyaya hizo. Stabilaiza husaidia umeme unapoyumba. Haizuii radi.

4. Nguzo ya antena na dishi viunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Kazi hii afanye fundi anayejulikana. Nyumba ya nyasi isiwekewe nguzo ya chuma juu yake. Nguzo isimamishwe pembeni.

5. Ukienda shamba au safari wakati wa masika, acha kila kitu kimechomolewa.

SWALI LA MWISHO: KIOO

Ukishajibu maswali manne yaliyotangulia, ndipo uingie dukani. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya kioo. Inchi 32 ni kama sentimita 81, na inchi 43 ni kama sentimita 109. Kwa sebule ambayo watu hukaa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye kioo, inchi 32 inatosha. Mita mbili hadi mbili na nusu, inchi 43. Pima sebule yako kwa hatua kabla ya kwenda mjini, kwani dukani kila televisheni huonekana ndogo.

Kuhusu usafi wa picha, utasikia "HD", "Full HD" na "4K". Hizi ni hesabu za vidoa vinavyounda picha. Lakini televisheni haiwezi kuonesha kile ambacho kituo hakikurusha. Vituo vingi tunavyopata havirushi kwa 4K, na kwenye kioo cha inchi 32 jicho halioni tofauti kubwa. Kwa familia ya kawaida, HD au Full HD inatosha.

Washa televisheni dukani kwa muda wa kutosha, si dakika moja. Tazama kama kuna mistari au doa jeusi. Sikiliza sauti, kwa kuwa nyingi zilizo nyembamba zina spika dhaifu. Jaribu kila tundu, hasa la HDMI na la USB. Soma jina la kampuni herufi kwa herufi, maana wapo wanaobadilisha herufi moja ili lifanane na jina maarufu. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na waranti iliyopigwa mhuri. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: ikiharibika, inatengenezwa wapi? Waranti inayokutaka upeleke televisheni Dar es Salaam kwa nauli yako, kwa mtu wa Kirando au Kabwe, ni karatasi tu.

Mtumba si mbaya, ila usinunue usichokiona kikiwaka. Televisheni yenye chogo hupatikana kwa bei ndogo, lakini ni nzito, hula umeme zaidi, na haifai kabisa kwa sola.

NYUMBANI NANI ANAAMUA?

Katika vikundi vyetu tumeona kwamba ugomvi kuhusu televisheni huanzia kwenye mahindi. Shamba wamelima baba na mama na watoto, lakini gunia linauzwa na mmoja. Wengi huuza mara baada ya kuvuna, wakati bei iko chini, kisha miezi ya Januari na Februari wananunua chakula kwa bei ya juu, huku televisheni ikiwa kimya kwa kukosa malipo ya king'amuzi.

Tunashauri utaratibu huu. Familia ikae pamoja na kutenga kwanza chakula cha kufika mavuno yajayo. Pili, mbegu na mbolea za msimu unaokuja. Tatu, sare, madaftari na michango ya shule, pamoja na akiba ya matibabu. Sadaka isisahauliwe. Kinachobaki ndicho kinachoweza kununua televisheni. Kama hakitoshi mwaka huu, kiwekwe kwenye hisa za kikundi kisubiri mwaka ujao.

Kwa viongozi wa VICOBA: mkopo wa biashara hulipwa na biashara. Mkopo wa televisheni hulipwa na nini? Swali hili lijibiwe mbele ya kikundi. Tunapendekeza kwamba mwombaji aje na mwenzi wake, ataje chanzo cha marejesho, na hesabu ya kifurushi cha kila mwezi iongezwe juu ya rejesho. Kikundi kimoja kilipoanza kuuliza hivi, baadhi ya waombaji walipunguza mkopo, wengine wakaahirisha wenyewe bila mtu kuwakatalia. Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akisema kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Nguzo ya antena nayo ni mnara.

Kuhusu watoto, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: watoto walio chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Walio wakubwa nao wawe na saa ya kusoma na saa ya kulala. Televisheni iwekwe sebuleni, mahali wazazi wanapoona kinachotazamwa. Ifungwe imara ukutani au kwenye meza pana, kwa kuwa televisheni inayoanguka huweza kumjeruhi vibaya mtoto mdogo.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA WAFADHILI

Kamati inayotaka televisheni kwa ajili ya hosteli, zahanati au nyumba ya wageni ijibu maswali hayo hayo, na kuongeza matatu. Nani atalipa kifurushi baada ya mwaka wa kwanza? Nani atashika rimoti na funguo? Na kama fedha hiyo hiyo ingeweza kununua betri ya taa za wodi au madawati, je, televisheni bado ni ya kwanza? Jibu linaweza kuwa ndiyo. Tunaomba tu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Kwa marafiki zetu wa ng'ambo, tunawashukuru sana kwa moyo wenu. Tunaomba mfahamu kwamba televisheni za Marekani zimetengenezwa kwa mfumo mwingine wa matangazo. Kipokezi chake cha ndani hakipokei mawimbi ya hapa, na baadhi hutumia volti 120 tu, hivyo zitaungua zikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230. Za Ulaya hukubali volti zetu, ila za zamani hazina DVB-T2. Ukijumlisha usafirishaji na ushuru, mara nyingi ni nafuu kuinunua Sumbawanga, ambako pia fundi na risiti vipo.

Kuna jambo jingine. Kioo cha televisheni yenye chogo kina madini ya risasi, na taa za televisheni bapa za kizazi cha kwanza zina zebaki. Zikifa, hatuna mahali salama pa kuzitupa. Huishia nyuma ya nyumba, watoto wakichezea vipande vyake. Kwa hiyo tunaomba tusiletewe zilizochakaa. Mfadhili anayetaka kusaidia hosteli ya wanafunzi atusaidie mfumo mzima: sola au nyaya salama, waya wa radi, televisheni ya kiasi, na mafunzo kwa mtu mmoja wa kuitunza.

KWA KUFUNGA

Kamati zinaweza kuyasoma maswali haya matano katika mikutano ya vikundi kabla ya msimu wa kuuza mazao: Umeme wangu ni upi na unatosha? Mawimbi yanafika kwa antena au kwa dishi? Nitalipa nini kila mwezi, na fedha itatoka wapi? Nyumba yangu imekingwaje na radi? Kioo gani kinatosha sebule yangu? Mwenye majibu yote matano, aliyekubaliana na mwenzi wake na kutenga chakula cha watoto, anunue kwa amani na kuitazama bila deni. Anayekosa jibu moja, asubiri. Maduka yatakuwepo mwakani pia.

Kamati itakayopenda tuje kufanya hesabu hizi pamoja na vikundi vyake iwasiliane na ofisi ya miradi kupitia kwa mchungaji wa usharika.